Saratani ya Titi: Si Umri Tu, Ni Aina Pia

Mwaka jana shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 34, alishika uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi, mgumu, wala haukumuuma. Alipokwenda zahanati moja akaambiwa, "Mama, wewe bado kijana. Hayo ni maziwa yameganda tu." Kweli alikuwa ananyonyesha, basi akarudi shambani kuvuna pojo. Miezi saba ikapita. Susu, yaani nyanya yetu, ndiye aliyesema yatosha, wakapanda matatu hadi Mwingi, na kutoka huko wakatumwa Nairobi.

Hapa Kyuso wengi hudhani saratani ya titi ni ya akina susu. Dhana hiyo haikutoka hewani, maana kule Marekani nusu ya wanaogunduliwa huwa wametimiza miaka 62 au zaidi. Lakini hapa Kenya wengi hugunduliwa wakiwa na miaka ya arobaini na ya hamsini, na walio chini ya hapo si wachache. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba karibu wanawake 6,800 nchini walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 3,000 wakafa.

Jambo ambalo mimi sikulijua ni kwamba huu si ugonjwa mmoja. Kipande cha uvimbe hukatwa na kupelekwa maabara, kikatazamwe kama seli zake zina vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na homoni ni ufunguo. Uvimbe wenye vipokezi vya homoni mara nyingi hukua polepole, na tembe za tamoksifeni huziba tundu la ufunguo. Mgonjwa humeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Aina hii hupenda kuhamia mifupani, tena ina subira: yaweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 20. Aina ya pili ina protini iitwayo HER2 kupita kiasi. Hiyo hukimbia, hufika hata kwenye ini na ubongo, ingawa tangu 1998 kuna dawa ya trastuzumabu ya kuizuia. Kwa miaka mingi tatizo limekuwa bei.

Ya tatu huitwa hasi-tatu, kwa sababu haina kipokezi hata kimoja cha hivyo vitatu. Hebu niwaambie ukweli: karatasi ya shangazi iliposomwa "hasi, hasi, hasi", sisi nyumbani tulishangilia! Si tumezoea kwamba ukipimwa Ukimwi, hasi ni habari njema? Kumbe maana yake ni kwamba hakuna kufuli la kuziba, kwa hiyo tembe za homoni hazifai kitu. Huhitaji upasuaji na dawa kali za mshipani. Hupenda mapafu na ubongo, na ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya kwanza. Ukivuka miaka 5, hatari hupungua sana.

Hapo ndipo umri unapoingia. Wanawake wachanga hupata hizi aina kali zaidi kuliko wazee, na hata wakipata ile ya homoni, walio chini ya miaka 40 mara nyingi hali yao huwa ngumu zaidi. Wazee nao uvimbe wao huwa mpole, lakini moyo na kisukari huwazuia kutumia dawa nyingine.

Zamani ilidhaniwa ati uvimbe wa Waafrika wengi hauna vipokezi. Mwaka 2014 Daktari Shahin Sayed na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walionyesha kwamba karibu 7 kati ya 10 walikuwa na vipokezi vya homoni, na hasi-tatu ni kama 1 kati ya 5. Kwa hiyo kukisia hakufai, lazima kupima.

Tena hata hasi-tatu ikikutwa ingali ndani ya titi, takwimu za Marekani zasema zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika mbali, hawafiki 20. Ile miezi saba ya pojo huniuma kila nikisoma hapo.

Shangazi alimaliza dawa za mshipani mwezi wa Agosti. Susu ametundika kalenda jikoni, na kila mwezi ukiisha humwambia mtoto wa shangazi auchore mstari kwa makaa. Inabaki mistari 32.