WAJIBU WA KIONGOZI ALIYECHAGULIWA KUSIKIA NA KUJIBU

Watumishi wa umma na wananchi wanafahamishwa kwamba kiongozi aliyechaguliwa hawasikilizi na kuwajibu waliomchagua kwa hisani yake. Ni sharti la sheria, na katika jambo la ardhi, uamuzi uliopitishwa bila ya sharti hilo umetolewa nje ya sheria.

Mfano ulio wazi ni Dakawa, Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Wengi huikumbuka kwa makazi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Wakaazi wake huijua zaidi kwa mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya Mto Wami. Mto ni mmoja nao wauhitajio ni wengi, mkulima kwa shamba lake na mfugaji kwa ng'ombe wake. Mahali kama hapo, ekari chache zikigaiwa kimya kimya huzaa uadui wa miaka. Mwezi wa Disemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa katika mkoa huo huo, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Haisemwi kuwa mkutano peke yake ungeliyazuia. Ila asiyepewa jibu na kiongozi wake hulitafuta kwengine.

Visiwani sheha huteuliwa. Bara, mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji kila baada ya miaka mitano. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakaazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, nao hukutana kila miezi mitatu. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano huo. Inaiagiza pia kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida, na kuyazingatia maoni ya wanakijiji. Kwa hiyo mwenyekiti anayeketi, akasikiliza, kisha akaondoka bila ya kutoa taarifa, ametimiza nusu tu ya kazi yake.

Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ni mtumishi wa kuajiriwa, ndiye anayeandika muhtasari. Ayaandike maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, si maazimio pekee. Muhtasari usioonyesha pingamizi la mfugaji au la mkulima hautamfaa mtu yeyote shauri litakapofika barazani.

Mkutano usipoitishwa kwa wakati wake, wanakijiji wapeleke malalamiko yao kwa maandishi kwa Afisa Mtendaji wa Kata na diwani wao, na baada ya hapo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya. Nakala ya barua ihifadhiwe, ikiwa na tarehe na saini ya aliyeipokea.