Kiumbe Hiki au Kiumbe Huyu? Riwaya ya Frankenstein Isomwapo Likasi

Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kuiandika Frankenstein mwaka 1816. Riwaya hiyo ya kutisha ilichapishwa London mwaka 1818 bila jina lake. Mara nyingi huelezwa kuwa ni onyo kwa mwanasayansi anayevuka mpaka wa elimu. Maelezo hayo hayatoshi. Victor Frankenstein hakosi kwa kutaka kuijua siri ya uhai. Kosa lake laanza usiku ule kiumbe kinapofumbua macho, naye akakimbia. Baadaye Justine, mtumishi wa nyumbani kwao, ananyongwa kwa mauaji asiyoyatenda, ilhali Victor anamtambua muuaji na kuificha siri yake.

Kiswahili humwonyesha msomaji jambo hili mapema. Muumba, kiumbe na maumbile ni maneno ya mzizi mmoja, kuumba. Hakuna kiumbe kisichomtaja aliyekiumba. Tena mfasiri hana budi kuchagua: aandike "kiumbe hiki" au "kiumbe huyu"? Upatanisho wa kwanza wamweka pamoja na viti na visu, wa pili pamoja na watu. Victor angesema "hiki". Lakini inapofikiwa sehemu ambamo kiumbe mwenyewe anasimulia alivyojifunza lugha kwa kuisikiliza familia fukara kupitia ufa wa ukuta, "hiki" hakiandikiki tena.

Kwa msomaji wa Likasi, suala la muumba anayekimbia si la vitabuni tu. Takriban kilomita 20 magharibi ya mji, huko Shinkolobwe, urani iligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière iliichimba kwanza kwa ajili ya radiamu, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, na mwaka 1942 zikauzwa kwa jeshi la Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Miezi miwili iliyotangulia, baadhi ya wanasayansi wa mradi huo, akiwemo Leo Szilard, waliiandikia serikali wakipinga bomu kutumiwa bila onyo. Walikuwa wamechelewa, kiumbe kilikwisha kutoka chumbani. Nao wachimbaji wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa zama hizo, waliyachambua mawe hayo kwa mikono pasipo kuelezwa yaendako.

Uchimbaji wa kampuni ulikoma panapo uhuru, mwaka 1960. Miaka ya mwisho ya karne wachimbaji wadogo waliingia kwa sururu na majembe. Amri ya rais iliufunga mgodi Januari 2004, lakini Julai mwaka huo huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu kadhaa. Walikuwa wakitafuta kobalti. Urani ilikuwa imechanganyika humo humo.