Vigae Vikubwa: Chora Kwanza, Nunua Baadaye

Wakazi wengi wanaojenga au kukarabati nyumba siku hizi wanapendelea vigae vya sentimita 60 kwa 60, au 60 kwa 120, kwa kuwa vina maungio machache ya kusafisha. Hata hivyo, mwenye nyumba anafaa kuamua jinsi vitakavyopangwa kabla ya kwenda dukani, kwani mpango ndio unaoamua idadi ya katoni.

Mpango wa miraba, ambapo pembe nne hukutana mahali pamoja, ndio salama zaidi kwa vigae hivi. Kigae kirefu aghalabu hutoka kiwandani kikiwa kimepinda kidogo katikati. Kikipangwa kama matofali, ncha yake ikiangukia katikati ya kingine, ukingo mmoja huchomoza na watu hujikwaa. Anayetaka mtindo wa matofali asisogeze kigae zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake.

Chukua chumba cha mita 3.7 kwa 3.1, na katoni yenye vigae vinne vya 60 kwa 60. Ukihesabu eneo na kuongeza asilimia 10 ya vitakavyoharibika, unapata katoni 9. Zinatosha iwapo fundi ataanzia kona moja: vigae 30 vizima, kisha vipande vya sentimita 10 kando ya kuta mbili, vinavyopatikana kwa kukata vigae vitatu. Ila vipande vyembamba hivyo huvunjika upesi, na hufichua kila ukuta uliopinda.

Akianzia katikati, kila ukuta hupata kipande cha karibu sentimita 35. Sakafu inapendeza, lakini kigae kimoja hutoa kipande kimoja tu cha upana huo. Sasa vinahitajika vigae 42, yaani katoni 11. Aliyenunua 9 atarudi dukani, na huenda akapata vilivyotengenezwa wakati tofauti, ambavyo rangi haiwiani kabisa na ya kwanza.

Kwa sebule, katoni hizo mbili si hasara. Katika chumba cha kulala, vipande vyembamba vinaweza kufichwa chini ya kitanda na nyuma ya kabati, vigae vizima vikaanzia mlangoni.

Bafuni mambo ni tofauti. Sakafu huteremka kuelekea shimo la maji, na kigae kikubwa hakipindiki. Vikubwa vipande ukutani, chini viwekwe vidogo.

Kabla ya simiti kukorogwa, fundi apange safu mbili kavu, moja kwa urefu wa chumba na nyingine kwa upana. Kisha apime kona: sentimita 90 ukuta mmoja, 120 ukuta wa pili, na mshazari uwe 150 kamili. Ikizidi au kupungua, kona si mraba, na vigae vifuate kamba, si ukuta.