Kuchuja Hali za Kimazingaombwe

Wanachama wenzangu, msishtuke na jina. Hamna uganga hapa. Tarakilishi ya kwanta hukosea ovyo, maana chembe zake husumbuliwa hata na joto kidogo. Kwa hivyo data hufichwa ndani ya msimbo wa kusahihisha makosa. Balaa ni kwamba msimbo huo hukataa baadhi ya hesabu, na bila hizo hata tarakilishi ya kawaida yaiweza kazi yote! Basi hali maalumu huandaliwa kando, ikaletwa kuikamilisha hesabu iliyokataliwa. Lakini huzaliwa chafu. Mwaka 2005 Sergey Bravyi na Alexei Kitaev walieleza jinsi ya kuzichuja: chukua 15, zikague pamoja, kasoro ikionekana, tupa zote. Isipoonekana, wapata 1 safi. Kosa la 1 kwa 100 hushuka hadi 35 hivi kwa milioni. Wataka safi zaidi? Chuja tena, yaani 225 kwa 1. Mimi naona hiyo ni ghali mno, na wataalamu wangali wanasaka njia ya kuipunguza.