Tofali jeusi lisilobadilishika

Mei 2024 wakazi wa Uyombo, kijiji cha wavuvi Kilifi, Kenya, waliandamana kuukataa mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Walihofia samaki, mikoko ya Mida, ardhi yao na taka za nyuklia. Hofu nzito hizo. Ipo nyingine ya kuongeza: mtambo huzeekaje?

Jibu moja liko Hunterston, pwani ya Scotland. Vinu viwili vya nyuklia vya huko, vilivyoanza kazi mwaka 1976 na 1977, vilijengwa kwa grafiti, takribani matofali 3,000 ya kukaa fueli kila kinu. Grafiti ni ile nyeusi ya ndani ya penseli, ila hii hutengenezwa kiwandani, safi mno. Kazi yake ni kupunguza mbio za nyutroni, chembe zinazopasua urani, ili mpasuko uendelee.

Tofali lina tundu katikati, mnamokaa fueli. Miaka ya mwanzo nyutroni hulisinyaza, na upande wa tundu, unaopigwa zaidi, husinyaa upesi kuliko nje. Baadaye mambo hugeuka: ndani huanza kuvimba, nje bado kunasinyaa. Kinu kikizimwa, kupoa kwake huzidisha mvutano huo. Ufa huanzia kwenye mfereji wa nje, pale tofali linapofungwa na jirani yake. Gesi ya kupozea nayo, kaboni dayoksaidi, huila grafiti polepole hadi iwe na vitundu kama tumbawe kavu.

Ukuta wa magofu ya Gede ukipasuka, fundi huuziba kwa chokaa. Tofali la kinu halitolewi wala halizibwi.

Mwaka 2018 wakaguzi walishusha kamera ndani ya kinu kimoja, wakakadiria nyufa 370 hivi. Kikomo kilikuwa 350. Hofu ilikuwa tetemeko: matofali yakihama, vyuma vya kuzimia kinu huenda visishuke. Kinu kilikaa kimya miaka miwili na zaidi, kikawashwa Agosti 2020. Kufikia Januari 2022 vyote viwili vilikuwa vimefungwa kabisa.

Kweli, vinu vingi vinavyouzwa leo hutumia maji badala ya grafiti. Lakini China ilianza kuendesha kibiashara kinu cha grafiti huko Shidaowan Desemba 2023, na kampuni kadhaa zinabuni vidogo vya jamii hiyo.

Mwaka 2025 serikali ya Kenya iliigeuzia macho Siaya kwa ajili ya mtambo huo wa nyuklia. Siku ikirudi Uyombo na ramani zake, wazee wasiishie kuuliza bei ya shamba. Waulize pia: ndani ya kinu kuna nini kisichobadilishika, na baada ya miaka 40 nani atashusha kamera?