Simu ya Kwanza na Mteja wa Safari: Kazi Inaanza Kabla Hujapiga



Leo tuzungumzie ndugu zetu wanaouza safari. Kuna walioajiriwa kwenye kampuni za utalii pale Arusha na Moshi, na kuna wa kujitegemea, wale wanaotafuta mteja mtandaoni halafu wanampeleka kwenye kampuni yenye leseni na kulipwa kamisheni. Wengi wa hawa wa pili ni vijana tu waliomaliza sekondari kama mimi. Mshahara hakuna. Mteja mmoja akikubali, kodi ya nyumba imepatikana. Akikataa, unarudi kwenye kompyuta kusubiri mwingine.

Na mara nyingi mambo huamuliwa kwenye simu moja. Mgeni ameandika barua pepe, mmejibizana mara mbili tatu, halafu anasema sawa, tuongee. Nusu saa hiyo ndo wengi wanampoteza mteja, na wakikata simu wanasingizia Kiingereza. Jamani, Kiingereza si tatizo kubwa kihivyo, manake hata Mtaliano naye anabahatisha. Tatizo ni kuingia kwenye simu mikono mitupu. Haya, tuone maandalizi yenyewe.

1. SOMA UPYA ALICHOANDIKA

Fungua barua zake zote na daftari. Andika tarehe, idadi ya watu, umri wa watoto, na kitu anachokitamani kuliko vyote. Tuseme ni familia ya watu wanne, wanakuja Februari na wanataka kuona nyumbu wakivuka mto. Hapo tayari una kazi. Februari nyumbu wanakuwa kusini mwa Serengeti, upande wa Ndutu, wanazaa. Kuvuka mto Mara ni kaskazini, kwa kawaida kati ya Julai na Oktoba.

Ukimjibu "hakuna matata" ili usimuudhi, umemdanganya, na atagundua akiwa ndani ya gari na wanawe. Mwambie ukweli, ila uwe umeshaandaa cha kumpa: Februari kuna ndama kibao, na simba, fisi na duma wanawafuata. Mteja akikuta unajua kitu ambacho yeye hakukijua, anaanza kukuamini hapo hapo.

2. SAA

Hii inaonekana ndogo lakini imeua dili nyingi. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima, wenzetu wanabadilisha. New York iko nyuma yetu saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi. Uingereza ni saa 2 au 3, Ujerumani saa 1 au 2. Tena hawabadilishi siku moja: Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Katikati hapo watu wanapishana sana.

Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Mteja wa New York akisema kumi asubuhi, kwetu kiangazi chao ni saa kumi na moja jioni, na wakati wa baridi yao ni saa kumi na mbili jioni. Ukiandika tu "saa kumi" kwenye daftari umekwisha. Mtumie mwaliko unaoonyesha saa ya kwake na ya kwako.

3. MASWALI YA KUMUULIZA

Andika matano au sita, usiende na ishirini kama polisi. Anasafiri na nani? Kuna mwenye shida ya kiafya? Amewahi kufika Afrika? Tiketi ya ndege ameshakata, na anapitia wapi? Hilo la mwisho lina sababu: anayetoka nchi yenye homa ya manjano anatakiwa kuwa na cheti cha chanjo, na hata akipita tu transiti kwa zaidi ya saa 12 linamhusu. Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha, na wageni wengi hupitia Nairobi au Addis Ababa.

Bajeti ulizia baada ya kumsikiliza. Usimuulize kavu "una shilingi ngapi". Mpe ngazi mbili au tatu: safari ya kulala kwenye hema, ya lodji za kawaida, na ya kifahari, kila moja inaanzia kiasi gani. Atakuonyesha mwenyewe anaposimama.

4. MASWALI ATAKAYOKUULIZA WEWE

Haya yanajirudia, kwa hiyo majibu yawe mezani. Viza: raia wa nchi nyingi hulipa dola 50, Mmarekani dola 100. Zanzibar: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni lazima awe na bima ya huko, dola 44 kwa mtu mzima. Ndege ndogo za kwenda mbugani: mzigo mara nyingi ni kilo 15, kwenye begi laini. Leseni: ujue kampuni unayomuuzia ina leseni halali ya utalii, na uwe tayari kumtumia nakala.

Swali gumu ni hili: "Mbona kampuni nyingine wamenipa bei ya chini?" Usiponde wenzako. Mweleze bei inavyojengwa. Viingilio vya TANAPA na Ngorongoro vimepangwa na serikali, na VAT ya asilimia 18 iko juu yake. Hapo hakuna wa kupunguza. Kwa hiyo bei ikiwa chini sana, imekatwa mahali pengine: gari, chakula, malazi, au ujira wa dereva na wapagazi. Mshauri aulize kimekatwa nini.

5. MLIMA USIUZE SIKU CHACHE

Hapa nasisitiza. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895, na hewa ya juu haijali kama mtu ni mwanariadha. Kuna watu wamefia kule. Mteja akitaka siku tano za Marangu ili aokoe hela, mweleze kwa nini sita ni bora, na kwamba Machame kwa siku saba au Lemosho kwa nane zinaupa mwili muda wa kuzoea. Asipokubali, bora umkose. Kamisheni ya siku tano haina thamani ya maisha ya mtu.

6. SIMU YENYEWE NA BAADA YAKE

Chaji simu na kompyuta, bando liwepo, laini ya mtandao wa pili iwe karibu manake umeme haukuagi. Kaa mahali pasipo na kelele za bodaboda. Mwache yeye aongee zaidi. Usilolijua sema "nitahakikisha nikujibu kesho", na kesho ujibu kweli.

Siku hiyo hiyo mwandikie alichosema kwa ufupi: tarehe, watu, anachotaka, na hatua inayofuata. Usitume ratiba ya kurasa kumi uliyomtumia kila mtu, akikuta jina la mteja mwingine ndo mwisho wenu.

Haya wadau, wapo humu madereva, waongozaji na wenye kampuni. Mna nyongeza gani? Na wale mliopokea wageni walioahidiwa vitu visivyokuwepo, tuambieni mlifanyaje. Karibuni kwenye maoni.