Programu Yako Ina Vipande Vingapi? Jinsi ya Kuvikagua Vyote kwa Mkupuo Mmoja

Ni asubuhi, wateja wamepanga foleni dukani, na programu ya malipo inakuandikia: "Sasisha sasa." Unabonyeza "Baadaye" kwa sababu bando ni kidogo na kuna mtu anangoja chenji. Tunaelewa kabisa. Lakini leo tunataka kukuonyesha kazi inayofanyika kabla ujumbe huo haujakufikia. Na kama biashara yako ina tovuti yake ya kupokea oda, mwonyeshe fundi wako makala hii. Kuna mtego mmoja hapa ambao huwanasa hata mafundi wazuri.

Programu ni kama matatu

Matatu ya kwenda Njoro haikutengenezwa yote mahali pamoja. Injini ilitoka kwingine, matairi kwingine, na bodi ikaundwa na fundi mwingine kabisa. Programu ni hivyo hivyo. Anayeiunda haandiki kila mstari mwenyewe. Huchukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine, vingi vikiwa vya bure: kimoja cha kusoma tarehe, kingine cha kutuma ujumbe, kingine cha kuficha siri. Kila kipande huja na vipande vingine mgongoni. Ndiyo maana hata tovuti ndogo ya duka la pembejeo inaweza kuwa na mamia ya vipande ambavyo mwenye duka hajawahi kuvisikia.

Na kama ilivyo kwa matatu, breki ikiwa mbovu, rangi nzuri haitakuokoa.

Desemba ambayo wengi hawakulala

Wakazi wa Nakuru tunaikumbuka tarehe 1 Desemba 2021, siku mji wetu ulipopewa hati ya kuwa jiji. Siku nane baadaye, habari nyingine ikaenea dunia nzima. Kipande kiitwacho Log4j, ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu, kiligunduliwa kuwa na mwanya. Mhalifu angeweza kutuma maandishi ya ujanja, hata kwenye kisanduku cha kujaza jina tu, na Log4j ikishayaandika, seva ingeenda kuchukua amri kutoka kwa kompyuta ya mhalifu huyo na kuzitekeleza.

Mwanya huo ukaitwa Log4Shell, ukapewa namba CVE-2021-44228, na ukatiwa alama 10 kwa 10 kwa ukali wake. Kilichowatesa wengi hakikuwa kuuziba. Kazi ilikuwa kujibu swali moja dogo: "Sisi tuna Log4j ndani, au hatuna?" Ambaye hakuwa na orodha ya vipande vyake alianza kutafuta gizani.

Karatasi moja, safari moja

Mianya inayojulikana imekuwa ikipewa namba za CVE tangu 1999, na ziko hifadhidata kadhaa zinazoiorodhesha. Mojawapo ni OSV, iliyoanzishwa na Google mwaka 2021, na yeyote anaweza kuiuliza bila malipo.

Sasa, ukiwa na vipande 600, utauliza mara 600? Hiyo ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, arudi, umtume sukari, arudi, umtume kiberiti. Mtu mwenye akili huandika vyote kwenye karatasi moja. OSV inakubali karatasi hiyo: ombi moja linaweza kubeba hadi maswali 1,000. Kwa kila kipande unaandika mambo matatu: jina lake, familia yake (kama Maven, npm au PyPI), na toleo unalotumia. Majibu yanarudi kwa mpangilio ule ule uliouliza, kwa hiyo jibu la 40 ni la kipande cha 40.

Majibu yenyewe ni mafupi. Unapewa namba ya kila mwanya na tarehe taarifa zake zilipobadilishwa mwisho, basi. Ukitaka kujua ukali wake na toleo lililouziba, unauliza tena kwa namba hiyo. Na majibu yakiwa mengi mno, unapewa alama ya kuendelea ukurasa unaofuata. Ukiipuuza, umesoma nusu ya barua.

Utajiuliza, je, taarifa zangu zinatoka nje? Hapana. Kinachotumwa ni majina ya vipande na matoleo yake tu. Namba yako ya simu, PIN na salio havimo.

Jibu tupu lina maana mbili

Huu ndio mtego wenyewe. Kipande kisicho na mwanya unaojulikana hurudi na jibu tupu. Lakini kipande ulichokosea kuandika jina lake pia hurudi na jibu tupu! Chukua Log4j. Kwenye familia ya Maven jina lake kamili ni org.apache.logging.log4j:log4j-core. Fundi akiandika "log4j-core" peke yake, hataambiwa amekosea. Ataona ukimya, atafurahi, ataenda nyumbani.

Dawa yake ni rahisi. Ndani ya orodha weka kipande kimoja cha mtihani unachojua ni kibovu, kwa mfano Log4j toleo 2.14.1, kwa kila familia unayotumia kipande chake. Kikirudi bila mwanya, usiamini jibu lolote la orodha hiyo. Kisha hesabu: vipande vilivyo kwenye programu na maswali yaliyotumwa vilingane.

Hata jibu tupu la kweli lina mpaka wake. Linamaanisha hakuna mwanya unaojulikana leo. Turudi kwa Log4j: toleo 2.15.0 lilitoka kama tiba, likaonekana halijatosha, likafuatwa na 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, yote kabla mwaka kuisha. Aliyekagua mara moja akatulia aliachwa nyuma mara tatu. Orodha ni ile ile, lakini swali liulizwe kila siku.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, kubali kusasisha, ila kutoka duka rasmi la programu la simu yako tu. Sisi tukiziba mwanya na wewe ubaki na toleo la zamani, mlango kwako bado uko wazi. Ukipata SMS yenye linki ya kusasisha, ifute. Na hakuna sasisho linalohitaji umtajie mtu PIN yako.

Pili, kama una tovuti, muulize fundi maswali matatu: Orodha ya vipande iko wapi? Ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Kipande cha mtihani kilishikwa? Tangu Desemba 2022 kuna programu ya bure, OSV-Scanner, inayosoma orodha na kuuliza yenyewe. Hivyo hata biashara ndogo ya Molo au Gilgil haina haja ya bajeti kubwa.

Tatu, kumbuka majina na namba za wateja wako ni dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvujaji unaoweza kuwadhuru uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kuujua. Saa hizo huisha haraka kwa mtu anayeanza kutafuta orodha siku ya hatari.

Basi leo jioni ukishafunga duka na kupata Wi-Fi, ile "Baadaye" ya asubuhi ibonyeze iwe "Sasa".